Pindo Lililotafunwa

Mama yangu,

Huko uliko sijui watu wanasalimiana vipi, kwa hiyo salamu nitaziruka. Ni mie, Monika. Nimekaa kwenye baraza ya ndani kwa Bi Zuwena, pale pale ulipokuwa ukichambua mchele. Jua limeuelemea ukuta wa pili, na nyumba nzima imelala kwa joto. Simoni amelala. Felista amelala, mguu wake juu ya mto. Nafasi niliyoipata ni hii, na nikisema nipumzike kwanza ndipo nikuandikie, hutaandikiwa mpaka nije mwenyewe.

Nimekuwa nikikukwepa, Mama. Kwenye sala nnakutaja, haipiti siku. Lakini kusema nawe, mimi na wewe, sijasema tangu tulipokuzika. Nimekuwa kama mtoto aliyevunja chungu, anazunguka nyuma ya nyumba asipite jikoni. Leo napita jikoni.

Nikupe kwanza habari za mji, maana najua ungeziuliza hizo kabla hujaniuliza nimekula nini. Tuna Sultani mpya. Mtoto amekaa mahali pa baba, na tangu hapo Maskati imekuwa kama mwanamke aliyetoka eda, kila siku ana nguo mpya. Lango la mji halitufungii tena usiku kama zamani. Ile kandili tuliyolazimishwa kutembea nayo giza likishika, ile uliyosema imetugeuza vimulimuli, Bi Zuwena ameitundika jikoni iwe ukumbusho. Felista anaiita taa ya Bibi. Redio zinaimba mpaka barabarani. Na watu wa kwetu wanakuja, Mama! Juzi sokoni nilisikia mtu anatukanwa kwa Kiswahili, tusi la Malindi hasa, la Unguja, nikasimama na kapu langu nikacheka mpaka machozi. Nilitaka kukimbia nyumbani nikwambie.

Salimu wa Bi Zuwena, yule uliyemlea mgongoni, amerudi kutoka Kuweti, amepewa kazi serikalini, na sasa hana jengine ila kujenga nyumba Sib, nje ya mji. Bi Zuwena amesema tukihama tunahama wote. "Mie siwezi kuanza kumfunza mpishi mpya uzeeni," anasema, na mpishi ni mie sasa. Mkono wako sinao. Mchuzi wangu wa papa anaula kimya, hiyo ndiyo heshima yake kwangu. Mkweo Petro bado yuko na meli zake, akipika huko majini, akija anakuta mtoto amejua neno jipya.

Na kaburi lako liko pale pale, halifikiki kwa miguu. Majabali yameizunguka ile ghuba tunakozikwa Wakristo, na mtu akitaka kuja mpaka mashua itoke kijiji cha Sidab. Nimekuja mara moja tu, nikiwa na Petro. Nilisimama, sikusema kitu. Petro alidhani ni majonzi, akanishika mkono. Hayakuwa majonzi peke yake.

Sasa la Felista, maana ndilo lililonikalisha hapa.

Yaliletwa makuti ya mtende ya kutengenezea banda la mbuzi, yakabwagwa uani. Unaijua miba ya mtende ilivyo, si miba, ni misumari. Felista akacheza pale, peku kama kawaida yake. Mwiba ukamwingia unyayoni, ukakatikia ndani. Hakuja kuniambia. Hakulia. Mama, mtoto wa miaka sita, hakulia!

Nilimwona anatembea kwa upande wa mguu, kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Nikamwambia acha mchezo huo, utaharibu viatu vya shule. Ndiyo, siku hizi wasichana nao wanaandikishwa shule, naye nilikuwa nimemshonea gauni. Simoni alikuwa anaota magego, kutwa yuko kiunoni kwangu, chungu kiko motoni, na mie nilikuwa nimechoka uchovu ule usiokwisha hata ukilala. Nikajiambia ni mchezo. Nilikuwa nataka uwe mchezo.

Asubuhi moja nikatandua kitanda chake nifue. Analala na kipande cha kanga yako, ile nyekundu iliyopauka, nilimkatia baada ya msiba. Nikakishika nikakuta pindo limelowa. Nikakifungua. Limetafunwa, Mama. Nyuzi zimetoka, alama za meno zimepita pembe mpaka pembe.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Kwa sababu pindo lile nililijua. Nilishawahi kulifua.

Nikamwita, nikamkalisha mapajani, nikamgeuza mguu. Unyayo umevimba, unawaka moto, na mstari mwekundu umeanza kupanda kifundoni. "Mbona hukuniambia, mwanangu?" Akasema, kwa sauti ya mtu mzima, "Bibi alinifunza. Mungu akikurudi, akikutia adabu, usimpigie kelele. Ng'ata hapa, uvumilie, ndipo atajua wewe ni wake."

Nilisikia sauti yako imetoka kinywani mwake. Hata ule mkono wako wa kupigapiga goti aliupiga.

Mama, mie nalijua fundisho hilo, na sijaja kulicheka. Nimelelewa nalo. Nikiwa mdogo kule Unguja, ukinichapa, ulikuwa ukiniuliza, "Mtoto wa jirani nimemchapa?" Nasema hapana. "Yeye hakukosa?" Nasema amekosa. "Basi kwa nini wewe?" Na jibu ilikuwa lazima nilitoe mwenyewe, huku nashikilia matako: kwa sababu mie ni wako. Ndivyo ulivyonieleza Mungu. Hakimu huadhibu watu asiowajua. Mzazi humrudi aliye wake, anamtia adabu asimpotee. Taabu ikiingia nyumbani hukuuliza tumemkosea nini Mungu. Uliuliza anatufunza nini.

Ile jioni ya kwanza hapa Maskati, mwaka ule sitini na nne, tumeshuka kwenye meli na vifurushi, Bi Zuwena analia chumba cha pili, nyumba yake ya Unguja imekwenda, ndugu zake wengine hawajulikani waliko. Mie nina mimba ya Felista na miguu imevimba. Wewe ulikwishasema mtu akikimbia na sufuria zake, mpishi wake humfuata, ukafunga kanga ukapanda meli. Tukakaa kwenye sakafu ile yenye moto kama tanuri, ukasali, kisha ukasema, "Haya. Kila mtu ataje somo lake." Desturi yetu hiyo, haikukosa hata siku ile. Wewe ulisema, "Mie nimefunzwa kwamba paa halikuwa langu." Petro akasema lake. Mie nikasema sijui. Ukanipigapiga goti, ukasema, "Basi hujamaliza kufunzwa." Na ulikuwa unatabasamu.

Bi Zuwena alikuwa akikutania, unakumbuka? "Mama Monika, huyo Mungu wenu ana mkono mzito." Nawe ukamjibu, "Sisi twamwita Baba, Bi Zuwena, na baba hupiga." Naye akasema, "Wangu alinipiga mara moja. Mama yangu akamnyima chakula cha usiku, hakurudia." Mlicheka mpaka maziwa yakafurika jikoni. Yeye na tasbihi yake, wewe na msalaba wako wa mti, hamkugombana hata siku moja ila juu ya chumvi.

Lakini siku nyingine alikwambia bila ya mzaha. Alikukuta umejiegemeza kwenye meza ya jikoni, unga mikononi, ubavu umeubana kwenye pembe ya meza. Akasema, "Mwenyezi Mungu akileta maradhi na dawa ameileta. Ukiiacha dawa umeacha nusu ya alicholeta." Ukasema ni uchovu tu. Mie nilikuwa mlangoni. Nilisikia.

Sasa naandika lile ninalolizunguka.

Mie nilijua, Mama. Nilikuona ukioga. Simoni alikuwa na wiki chache, nilikuja kuchota maji ya kumwogeshea, pazia la bafuni halikufungwa vizuri. Ulikuwa umejifunga kitambaa kifuani, umekikaza upande wa kushoto, na juu ya kitambaa palikuwa na unyevu usiokuwa wa maji. Nikasema, "Mama, nini hicho?" Ukajifunika. Hukukasirika. Ulisema taratibu, "Hii ni yangu na Baba yangu. Wewe kamnyonyeshe mtoto."

Nami nikaenda kumnyonyesha mtoto.

Naomba nikwambie kilichokuwa moyoni mwangu nilipokuwa namnyonyesha, kwa sababu ndicho kinachonila. Nilishusha pumzi. Nilisema, kama ni yake na Baba yake, basi si yangu. Nilikuwa nimechoka, mtoto halali, maziwa yamenijaa donge, Petro yuko majini, na hapa nimepewa ruhusa na mama yangu mwenyewe, tena ruhusa takatifu, nisibebe mzigo mwengine. Nikaipokea. Fundisho lako zuri lile nikalifanya mto wa kulalia.

Kisha nikaanza kufua kanga zako, na mapindo yametafunwa. Moja, kisha ya pili. Nikajiambia panya. Nikamwambia Bi Zuwena kuna panya nyumba hii. Akaleta paka.

Na hospitali. Bi Zuwena alipokuvuta kwa nguvu mpaka kwa wamisheni, wewe huku unacheka kwamba unapelekwa kama mbuzi, nani alikwenda nawe kuwa mkalimani? Mie. Daktari yule mama mzungu aliuliza kwa Kiarabu wapi panauma. Nikakuuliza kwa Kiswahili. Ukasema, "Mwambie ubavuni kidogo, nikiinama." Nami nikamwambia daktari, ubavuni kidogo, akiinama. Neno kwa neno, mkalimani mwaminifu! Akakupapasa ubavu, akakupa vidonge. Nilisimama kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye kitambaa kile. Ulinitazama, nikakutazama. Nilidhani ulikuwa unaniomba ninyamaze. Siku hizi nikilikumbuka jicho lile sina hakika tena uliniomba nini.

Huenda ningesema na bado ungekufa. Daktari baadaye aliniambia maradhi yale yakifika pale mara nyingi hayashikiki. Nimelishika neno lake hilo kama kijiti cha kutembelea, lakini halinibebi. Kwa sababu kama ungekufa, ungekufa kitambaa kimefunguliwa na mtu anakuosha kidonda. Tulikuja kukuosha ulipokuwa husikii tena. Mie nilikifungua kitambaa kile mikono ikiwa baridi, na Bi Zuwena, ambaye hana wajibu na maiti ya Mkristo, alikaa nje ya mlango akisema, "Monika, mwoshe taratibu, mwoshe taratibu." Kama vile ungeumia.

Tulipotoka makaburini, mashua imetushusha, watu wamekwenda zao, tukakaa kusali. Petro akasema, haya, kama desturi ya Mama, kila mtu ataje somo lake. Nikanyanyuka nikaingia jikoni. Sikulitaja.

Basi. Asubuhi ile nilipouona unyayo nikambeba Felista mgongoni, na Simoni nikamwacha kwa Bi Zuwena, Salimu akatupeleka na gari hospitali ile ile, chumba kile kile. Dirisha wamelipaka rangi ya kijani. Daktari ni yule yule, nywele zimekuwa nyeupe. Alipoona ule mstari mwekundu alibana midomo. Akasema mwiba umevunjika ndani na hajui kipande kiko wapi, unyayo wote umevimba, hapaonekani. Akasema hataki kumchana mtoto ovyo ovyo, na akikosa kipande, sumu itapanda na itabidi aukate mguu. "Nitabonyeza kidogo kidogo," akasema. "Yeye aniambie panapouma zaidi."

Akabonyeza. "Hapa?" Felista kimya. "Hapa?" Kimya. Amekitia kile kipande cha kanga kinywani, macho yametoka, jasho linamtiririka shingoni, na kimya! Muuguzi, mama mmoja wa Kihindi, akasema, masha Allah, mtoto shujaa. Mie nilitaka kupiga ukelele. Daktari akanigeukia akasema, "Mama, mtoto huyu hanisaidii. Asiponililia, sitapaona."

Na hapo, Mama, nikakumbuka jambo ambalo sikuwa nimelikumbuka kwa miaka.

Nilikuwa na umri kama wake. Nilikuwa nimekwiba sukari kwa Bi Zuwena kule Unguja, nikasingizia mtoto wa mfuaji, yule akapigwa. Ulipojua ulinichapa fimbo za mpera, ukanipa pindo la kanga ning'ate, majirani wasisikie. Ndiyo, ndiko lilikotoka, pindo lilikuwa la majirani, si la Mungu. Ulipomaliza uliitupa fimbo nje dirishani. Ukaketi kitandani. Ukanivuta, ukanitoa kanga kinywani kwa vidole vyako, ukasema, "Fimbo imekwisha. Sasa lia." Nami nikalia, nikalia mpaka nikapata kwikwi. Ukachukua kibuyu cha mafuta ya nazi, ukanipaka kila alama, moja moja, huku unapuliza. Ulikuwa unalia na wewe. Kila mara ulifanya hivyo. Hakuna siku uliyonichapa ukaniacha bila ya mafuta.

Nusu hii hukuwahi kumpa Felista, ulikufa kabla. Aliyebaki nayo ni mie. Nami nilikuwa nimeisahau, au niliificha, maana kuikumbuka ni kukumbuka kwamba wewe mwenyewe hukupakwa mafuta na mtu.

Nikaenda pale kitandani. Nikamtoa mwanangu kanga kinywani kwa vidole vyangu. Akaing'ang'ania, akanikazia meno. Nikamwambia, "Felista. Bibi alikuwa hajamaliza kukufunza. Kuna neno la mwisho, alinipa mie nikupe. Alisema hivi: sasa lia."

Akanitazama kama mtu anayetazama mlango, kweli uko wazi au la.

"Mungu atachukia?"

"Mungu ndiye aliyemleta daktari. Anataka kusikia wapi panauma. Lia, mwanangu."

Daktari akabonyeza karibu na kidole kidogo, na Felista akatoa ukelele, Mama, ukelele uliowatoa wagonjwa vitandani! Daktari akasema, "Hapo! Ahsante, binti, hapo hapo." Wakamchoma sindano ya ganzi, wakachana, kikatoka kipande kirefu kama kucha, cheusi. Felista alilia wakati wa sindano, alilia wakati wa kuchanwa ingawa alikuwa hasikii maumivu, alilia tulipokuwa njiani. Alilia mpaka Salimu akaniuliza kama ana kipande kingine ndani. Nikamwambia anacho cha miaka miwili, mwache.

Nami nililia. Nilimlilia yeye, lakini nilikuwa nakulilia wewe, kwenye kiti kile kile nilichokaa nikitafsiri, ubavuni kidogo, akiinama.

Mguu haukukatwa. Mstari mwekundu umeshuka. Daktari amesema atakwenda shule akichelewa wiki chache, na viatu.

Mama, nimefikiri sana tangu siku hiyo, na kichwa changu unakijua, ni cha darasa la nne. Siliachi fundisho lako. Bado naamini kwamba Baba huwarudi walio wake, na nnaamini kwamba sasa mie ndiye niliyeshikwa mkono. Haya maumivu ninayoyasikia nikikuta kanga yako kwenye kamba, siyakimbii tena, wala siombi yaondolewe haraka. Ni yangu, nimeyastahili, na yananifunza. Lakini kwa jambo moja ulikosea, Mama, na nakwambia leo kwa kuwa sikupata kukwambia hivyo ulipokuwa hai. Ulidhani kurudiwa na Baba ni siri ya watu wawili. Mbona wewe hukunichapa hivyo? Mbona uliketi kitandani? Mie ulinipa mafuta miaka yote, mwenyewe ukajinyima, na mimi niliyekuwa na kibuyu mkononi nikajifanya sikioni kidonda.

Usinisamehe haraka. Nakujua, ungeshasema, "Ah, wewe nawe, yamepita." Hayajapita. Niache nikae nayo kidogo.

Lakini somo nililokataa kulitaja siku ya maziko nalitaja leo, ingawa nimechelewa. Nimefunzwa kwamba mzazi akimrudi mtoto, wanaosimama pembeni hawakuitwa watazame. Wameitwa walete mafuta. Sikuleta.

Hayo ndiyo. Sasa ahadi yangu, na uishike maana nitaishika. Felista akiweza kukanyaga, nitamlipa mzee mmoja wa Sidab mwenye mashua na tutakuja sote, na Simoni, na Bi Zuwena amesema atakuja akae ndani ya mashua, maana hawezi kushuka majabalini na magoti yake. Nitakuja na chupa ya mafuta ya nazi, yale ya kutoka Malabari, Bara Hindi, si kama yetu lakini ni mafuta. Nitaupaka ule msalaba wa mti wa kaburini kwako, umeanza kupasuka kwa jua na chumvi. Najua ni mti tu. Nitaupaka. Na kile kipande cha kanga, Felista mwenyewe amesema tukishonee pindo jipya. Nimemwambia tutalishona pamoja.

Na wajukuu zako hawa nitawarudi, usiwe na shaka, siwalei kama mayai. Wakikosa watachapwa, kwa kuwa ni wangu. Kisha nitaitupa fimbo dirishani na nitaketi kitandani, hata kama chungu kinaungua. Na mtu yeyote wa nyumba hii akijifunga kitambaa, nitakifungua. Hata Bi Zuwena. Nimeshaanza kumtazama anavyopanda ngazi.

Lala, Mama. Huko hakuna wa kumng'atia kanga. Kama kuna kilichobaki hukukililia, kililie huko, mbele yake, nami nadhani hatachukia.

Nilikuwa na mengine, ya Petro na ya shule, lakini Felista ameamka, dawa imekwisha nguvu, analia kwa sauti kubwa na ananiita. Kibuyu kiko wapi sasa. Nnakwenda.

Mwanao,
Monika